Nimepewa mpango wa tabia ya mwanangu niutie saini. Nikubali?

Swali

"Mwanangu ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Muhula huu peke yake nimeitwa shuleni mara sita. Anachana madaftari, anasukuma wenzake, na juzi alijificha chini ya dawati akakataa kutoka. Akitolewa nje anatulia papo hapo. Mara mbili nimepigiwa simu nikamchukue kabla ya saa ya kutoka. Nyumbani ana hasira zake lakini hazifiki huko. Wiki iliyopita nilipewa karatasi yenye kichwa 'Mpango wa Kusaidia Tabia ya Mwanafunzi'. Ina ahadi tano: nitatulia darasani, nitamtii mwalimu, sitachana daftari, sitasukuma wenzangu, nitamaliza kazi zangu. Chini kuna nafasi ya saini yake na ya kwangu. Mwalimu wake si mtu mbaya, ana watoto wengi tu. Nikitia saini naona kama nakiri kwamba mwanangu ndiye tatizo. Nikikataa naogopa wataanza kumchukia. Nifanyeje?"

Jibu

Mama, usitie saini bado, na wala usikatae. Ipo njia ya tatu, nitaifikia. Lakini kwanza turudi kwenye sentensi moja uliyoiandika na kuipita mbio: "Akitolewa nje anatulia papo hapo."

Katika barua yako yote, hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Hasira ya mtoto aliyegombana na mwenzake haiishii kwenye kizingiti cha mlango. Humfuata hadi nje, na mara nyingi hadi nyumbani. Ikiwa utulivu unamjia pale tu anapotoka, basi huenda mle darasani, saa ile, kuna kitu anachokikimbia, na kuchana daftari ndiko kunakomfikisha nje. Sisemi amepanga. Mtoto wa miaka minane hakai chini akapiga hesabu hizo. Amezoea tu, kama sisi sote tunavyozoea, kwamba akifanya hivi mzigo unaondoka.

Ukiona hivyo, utaona pia kwamba adhabu anayopewa inaweza kuwa ndiyo malipo yake. Na simu unayopigiwa umchukue nyumbani mapema ni malipo makubwa zaidi. Nasema inaweza, kwa sababu bado hatujui. Kujua ndiyo kazi ya kwanza, na karatasi uliyopewa imeiruka.

Hebu ichukue hiyo karatasi uisome tena, uangalie vitenzi vyake tu. Nitatulia, nitamtii, sitachana, sitasukuma, nitamaliza. Kila kimoja kinaanza na "nita" au "sita", na huyo anayesema ni mtoto wako. Hakuna sentensi hata moja inayosema mwalimu atafanya nini, wala mwalimu mkuu, wala wewe. Mpango wa kusaidia tabia ni andiko la watu wazima. Humo wanaandika watakachobadilisha wao ili mtoto apate njia nyingine ya kufikia anachokihitaji. Hicho ulichopewa ni kiapo, na mtoto aliyeshindwa kutulia mara sita hashindwi kwa kukosa kiapo.

Tafadhali usimwendee mwalimu na maneno hayo. Karatasi kama hizo nimeziandika mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Miaka yangu ya mwanzo darasani nilikuwa na msichana ambaye kila tulipofika kwenye kusoma kwa sauti, angemwaga maji ya jirani yake au angempiga kiwiko. Nikamsimamisha nje. Akaahidi, akalia, akarudia. Muhula karibu uishe ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kumsikia akisoma hata aya moja. Kila mara nilimtoa kabla zamu yake haijafika. Hakujua kusoma, na mimi nilikuwa nikimsaidia kulificha jambo hilo kila siku, huku nikimwandikia jina baya kwenye kitabu cha nidhamu. Linaniuma hadi leo. Kwa hiyo ninapokwambia mwalimu wa mwanao anaweza kuwa mtu mwema na bado akawa na karatasi mbovu, ninalijua ninalolisema.

Unachohitaji kuomba kwanza ni kumbukumbu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Sidney Bijou na wenzake walieleza utaratibu ambao hadi leo ndio nguzo ya kazi hii: kila tukio linaandikwa katika sehemu tatu, kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Mambo ni hayo tu. Ugumu uko katika kuandika kile ambacho watu wawili waliosimama pale wangekiona sawasawa. "Alikuwa mkorofi asubuhi nzima" haituambii kitu. Ngoja nikutungie mfano unaofanana na barua yako, uone kumbukumbu nzuri inavyokuwa:

"Jumatatu, saa nne na dakika kumi. Kabla: darasa limeambiwa litoe madaftari na kunakili zoezi la ubaoni. Alichofanya: kwa dakika tano hivi alichora kwenye kona ya ukurasa bila kuandika neno. Kisha alichana ukurasa na kulisukuma daftari la jirani likaanguka. Baada: aliitwa jina kwa sauti, wenzake wakacheka, akachana ukurasa wa pili. Akatolewa nje dakika 20. Aliporudi, zoezi lilikuwa limeshafutwa."

Isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Kazi iliyokuwa ubaoni haipo tena. Halafu ziangalie zile dakika tano za kuchora kwenye kona. Hapo palikuwa na mlango wazi wa kumsaidia na hakuna aliyeuona, kwa sababu mtoto anayechora kimya hamsumbui mtu. Kumbukumbu tano au sita za namna hii, zikitazamana, huonyesha mambo ambayo vikao sita vya kukaripiana havikuyaonyesha.

Siku tano hadi kumi za masomo zinatosha kuanzia. Omba ziandikwe pia saa anazofanya vizuri, kwani hizo zina habari nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kama kwenye hesabu za mdomo hana shida na kwenye kunakili anawaka moto, tayari tumeshapiga hatua. Na kwa kuwa mwalimu ana watoto wengi, usimwombe aandike insha. Andaa wewe karatasi yenye safu tatu na saa, aweke maneno matatu manne na vistari. Mwombe mwalimu mkuu pia amtume mtu mwingine, mshauri nasaha au mwalimu wa elimu maalumu kama yupo, akae nyuma ya darasa nusu saa katika kipindi kile chenye shida. Macho yasiyofundisha huona zaidi.

Kumbukumbu zikishakusanyika, swali linakuwa: tabia hii inamfanyia mtoto kazi gani? Kwa kawaida tunatafuta kazi nne. Kupata macho ya watu, kupata kitu au shughuli anayoipenda, kukwepa jambo zito, au kuupa mwili wake hisia fulani unayoihitaji. Mwaka 1982 mtafiti wa tabia Brian Iwata na wenzake walichapisha njia ya kulipima jambo hili kwa watoto waliokuwa wakijiumiza wenyewe, na likaonekana wazi: tabia ile ile kwa mtoto huyu ina kazi hii, kwa yule ina kazi nyingine. Ndiyo maana dawa ya mtoto wa jirani haimponyi wako. Na tabia moja inaweza kufanya kazi mbili. Kwenye mfano wangu wenzake walicheka kisha akachana ukurasa wa pili. Huenda pale ya kwanza ilikuwa kukwepa na ya pili ilikuwa kicheko.

Nikuambie na utafiti mmoja ninaoupenda sana, kwa sababu ulinibadilisha. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walifanya kazi na watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji ambao walikuwa wakivuruga masomo. Hawakuwafundisha kutulia. Waliwafundisha kusema. Mtoto aliyevuruga kazi ilipokuwa ngumu alifundishwa kusema haelewi, na alipolisema akasaidiwa. Aliyevuruga pale alipokosa kutazamwa alifundishwa kumuuliza mwalimu kama anafanya kazi nzuri, na alipouliza akapongezwa. Vurugu zikashuka. Walipopewa sentensi isiyolingana na haja yao, hazikushuka. Sentensi ilipaswa kuwa ile inayoleta kitu kilekile ambacho fujo ilikuwa ikikileta.

Sasa tuseme kumbukumbu zimeonyesha kwamba mwanao anakimbia kunakili. Swali linalofuata ni kwa nini kunakili kumekuwa kuzito kiasi hicho, na hapa usiridhike na jibu la "mvivu". Kunakili kutoka ubaoni ni kazi ya viungo vingi. Jicho lione mbali, lishuke kwenye daftari, lirudi na kupata mahali lilipoachia, kichwa kishike maneno njiani, mkono uyaandike. Mpeleke apimwe macho, hata kama hajawahi kulalamika. Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri hajui kwamba wengine wanaona zaidi yake. Masikio pia. Angalia usingizi wake. Uliza kwa upole kama kuna mtoto anayemwonea katika safu ile anayokaa. Na uulize hasa kusoma na kuandika kwake kukoje akilinganishwa na wenzake, maana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, na matatizo ya kuandika mara nyingi hujificha nyuma ya jina "mtukutu" kwa miaka mingi. Kama kuna dalili za usonji au za shida ya umakini, omba tathmini ya kitaalamu, ila mpango wa darasani usingojee majibu hayo. Jina la hali litasaidia kumwelewa mtoto; saa nne na dakika kumi ya Jumatatu bado itataka jibu lake.

Kuna kajaribio kadogo unakoweza kuomba hata kabla ya kikao. Kwa siku tatu mtoto akae dawati la mbele na apewe zoezi lililoandikwa kwenye karatasi badala ya kunakili. Kingine kisiguswe. Fujo ikishuka, mmepata habari kubwa kwa gharama ya karatasi tatu.

Nikija kwenye mpango wenyewe, sitakupa fomu, maana fomu nzuri yenye maneno matupu ni karatasi ile ile. Chukua ahadi zile zile tano mzigeuze mtendaji. "Nitamaliza kazi zangu" iwe: "Mwalimu atampa zoezi kwenye karatasi, likiwa limegawanywa mara mbili, na ndani ya dakika mbili za kwanza atapita kwenye dawati lake kuhakikisha ameanza." Zile dakika mbili ndizo ninazozipigania zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndipo mtoto anapochora kwenye kona.

"Sitachana daftari" igawanyike. Kwanza kile atakachofundishwa: kadi ndogo juu ya dawati, upande mmoja "naomba msaada", upande mwingine "naomba kupumzika kidogo". Akiiinua, anajibiwa mara moja, hata kama ni kwa kuinamishiwa kichwa tu na kuoneshwa kidole "nakuja". Kisha kile watu wazima watakachofanya akichana: hatatajwa kwa sauti mbele ya darasa, atawekewa karatasi nyingine, kazi itafupishwa lakini haitaondoka. Hata ikibaki sentensi moja, aiandike, apongezwe, apumzike. Hivyo mlango wa nje unafunguliwa na kadi, na kuchana hakuufungui tena.

Mwalimu atakuuliza, na ana haki: je, hatakuwa anainua kadi kila dakika? Mwanzoni anaweza. Muombe amruhusu. Mtoto anayeinua kadi mara kumi na tano kwa siku ni mtoto ambaye hakuchana kitu mara kumi na tano. Njia mpya ikishakaa ndani yake, baada ya wiki kadhaa, ndipo mnapoanza kuivuta polepole: "fanya maswali mawili kwanza, kisha upumzike", halafu matatu. Wengi huivuta siku ya pili, na mtoto anarudi kwenye ile njia ya zamani ambayo haikuwahi kumwangusha. Na kadi isifundishwe katikati ya dhoruba. Mtoto aliyeshapanda hasira hajifunzi kitu. Ifanyieni mazoezi akiwa ametulia, shuleni na nyumbani, kama mchezo: wewe mwanafunzi, yeye mwalimu, kisha mbadilishane.

"Sitasukuma wenzangu" ni jambo la usalama, na watoto wengine nao wana wazazi wao. Hapa mpango utaje mtu. Nani atakayemsogelea mwanao anapowaka? Awe mmoja, anayejulikana, mwenye sauti ya chini. Wenzake wasogezwe kwanza, maneno yawe machache, pasiwe na mahubiri wakati ule. Mazungumzo ya nini kilitokea yasubiri mpaka apoe kabisa, na hilo linaweza kuchukua muda mrefu kuliko sura yake inavyoonyesha.

Kuhusu "nitatulia" na "nitamtii", zifuteni tu. Hazihesabiki.

Pongezi na tuzo ziwe ndogo, za karibu, na asizinyang'anywe. Tuzo ya Ijumaa kwa mtoto wa miaka minane iliyoahidiwa Jumatatu ni mbali kama mwaka kesho. "Umeanza mwenyewe leo, nimeona" lililosemwa karibu na sikio lake saa nne na robo lina nguvu kuliko zawadi ya mwisho wa wiki. Na jambo moja silegezi: asinyimwe mapumziko kwa sababu ya makosa ya asubuhi. Mtoto anayehangaika kukaa ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote. Kumfungia ndani saa ya kucheza ni kujitafutia fujo ya kipindi kinachofuata.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi hufia. Njia ya zamani ikiacha kumtoa nje, kwa siku kadhaa za mwanzo anaweza kuzidisha. Aliyekuwa anachana ukurasa atachana daftari zima. Ni jambo linalojulikana vizuri katika elimu ya tabia: lile lililokuwa likilipa likikoma kulipa, linaweza kwanza kuongezwa nguvu kabla halijafifia. Kama hamkuambiana mapema, siku ya tatu mtu atasema mpango umeshindwa, mtoto atatolewa nje, na hapo atakuwa amejifunza kwamba inabidi achane zaidi. Na kulipa mara moja moja ni kubaya kuliko kulipa kila siku, kwani tabia iliyozoea kulipwa kwa bahati ndiyo ngumu zaidi kung'oka. Kwa hiyo iandikwe kwenye mpango: wiki mbili za kwanza tunatarajia ugumu, na ikiwa hivi tutafanya hivi. Kila mtu mzima anayeingia darasa lile ajue, hata mwalimu wa zamu anayekuja Alhamisi peke yake.

Wekeaneni pia namba. Kumbukumbu za mwanzo zikionyesha matukio nane kwa wiki, lengo la wiki ya nne lisiwe sifuri. Liwe manne, na kadi iwe imeinuliwa zaidi ya mara alizochana. Tarehe ya kukutana tena iandikwe siku ile ile mnayoanza, wiki nne hadi sita mbele. Namba isiposhuka, msiseme mtoto ameshindikana. Huenda tulikosea kuhusu kazi ya tabia, au mpango haukufanywa kama ulivyoandikwa. Ulizeni hilo la pili kwanza. Mara nyingi sana jibu liko hapo.

Kuhusu kikao chenyewe. Omba kwa maandishi, na usikubali kifanyike langoni siku ya tukio, wote mkiwa na damu ya moto. Nenda na mtu mmoja wa kukuandikia, ili wewe usikilize. Anza na jambo moja zuri ambalo mwalimu huyo amemfanyia mwanao. Bila shaka lipo. Halafu umuulize: "Mwalimu, ni saa gani anakuwa sawa?" Utaona chumba kinavyobadilika, kwa sababu kwa miezi hakuna aliyemuuliza swali analoweza kulijibu kwa furaha. Usiseme "kwangu hafanyi hivyo" kwa namna ya kushtaki. Liseme kama habari: "Nyumbani hanakili kitu ubaoni. Huenda hilo lina maana?" Na kabla hamjaachana muulize swali ambalo wazazi wachache sana huuliza: "Katika haya tuliyoandika, lipi litakuwa zito kwako kulifanya kila siku?" Akisema dakika mbili za kwanza haziwezekani kwa sababu ndipo anapokagua mahudhurio, mtafute pamoja nani atamsogelea mtoto. Mambo mawili yanayofanyika kila siku yanashinda kumi yaliyoandikwa vizuri.

Yapo ambayo hupaswi kuyakubali hata kwa hofu ya kuchukiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 28, unataka nidhamu ya shule iendane na utu wa mtoto. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 24, unazungumzia msaada unaomlenga mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa hiyo ukikuta kwenye mpango kiboko, kufungiwa chumbani peke yake, au kuaibishwa mbele ya wenzake, kata mstari hapo na useme kwa utulivu kwamba hilo hulikubali. Na kila wanapokupigia simu umchukue mapema, omba iandikwe: tarehe, saa, sababu. Usikubali lipite kwa mdomo tu. Kumpeleka mapema nyumbani kunamnyima masomo na kunamfundisha njia ya mkato, na karatasi zikirundikana, shule yenyewe itaona ni mara ngapi imefanya hivyo. Siku ukilazimika kumchukua, nyumbani pasiwe na televisheni wala michezo hadi saa ya kawaida ya kutoka, na lile zoezi la ubaoni mlifanye kidogo pamoja, bila ukali.

Jioni za kawaida usimwadhibu tena kwa yaliyotokea saa nne asubuhi. Yamekwisha kule. Mwombe mwalimu akutumie mstari mmoja wa siku, na mstari huo uwe na kadi iliinuliwa mara ngapi, si makosa tu. Hicho ndicho kitakachokuwa kifungu chako wewe kwenye mpango: mazoezi ya kadi jioni, kupimwa macho kabla ya tarehe fulani, kusoma mstari wa siku na kumpongeza kwa kilichoinuliwa.

Turudi kwenye saini. Kesho chukua ile karatasi na chini yake, mahali pa saini yako, andika: "Nimeipokea tarehe hii. Niko tayari kushirikiana. Kabla ya kukubaliana naomba kumbukumbu za siku tano na kikao cha kuandika watu wazima watafanya nini." Tia jina lako, baki na nakala. Hujakataa, hujakiri, na shule haina cha kukuwekea kinyongo. Yeye mtoto asiisaini kabisa hiyo ya ahadi.

Na usiku wa leo, mama, kabla ya yote hayo, kaeni ubavu kwa ubavu mkifanya kitu cha mikono, ili asilazimike kukutazama usoni. Usimuulize kwa nini anachana. Ameulizwa hilo mara sita na hana jibu. Muulize, "Kunakili ubaoni kukoje?" Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Atakachosema kiandike kwa maneno yake mwenyewe, usikirekebishe, uende nacho kikaoni.